Ukingo Mwekundu

Tik. Kimya. Tik-tik. Ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa ikiamka, kabla jogoo wa jirani hajakohoa. Mume wangu alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta, anabofya kipanya, na chini ya meza feni ya mashine ilihema kama mtu mnene aliyepanda ngazi. Nilikuwa nikijifunika tena shuka kwa raha ya kusikia mlio ule. Mtu anayebofya ni mtu aliye hai, tena ana jambo la kufanya.

Mume wangu alikuwa mwandishi wa mabango. Vinyozi, maduka ya dawa, mafundi viatu, shule, hata lile bango la makaburini, yote aliandika kwa mkono wake. Watu walimwita Mzee Brashi. Alikuwa na msemo wake, aliurudia mpaka watoto wakawa wanamuigiza: "Herufi ya kwanza ndiyo mlango. Ukikosea mlango, nyumba nzima haiingiliki."

Kisha kiharusi kikamkuta, akiwa anaosha brashi uani. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi nusu. Kilichopotea ni upande wa kushoto. Daktari alisema macho yenyewe ni mazima, ila kichwa kimesahau kwamba kushoto kupo. Alikuwa anakula nusu ya sahani, ya kulia, halafu ananung'unika kwamba nimempunja. Nikiigeuza sahani anafurahi: "Ah, umeniongezea!" Alinyoa shavu moja akatoka nje na ndevu za upande. Tulicheka. Kucheka si dawa, lakini hupooza.

Kwenye kusoma hatukucheka sana. Maneno yetu yamebeba mzigo kichwani. Mwanzo wa neno ndio unaokuambia ni nani, ni lini, ni ndiyo au ni la. Siku moja walibandika tangazo langoni: HAKUNA MAJI KESHO. Yeye akasoma "maji kesho", akaja kuniambia nisihangaike kujaza ndoo. Kesho yake tulinawa uso kwa maji ya birika.

"Nisomee basi," alikuwa akisema, na mimi namsomea gazeti. Lakini nilimwona anavyotazama pembeni. Jioni moja akaniambia, "Mama, kusomewa ni kulishwa. Nashukuru, lakini nataka kushika kijiko mwenyewe."

Hospitalini alikuwepo binti mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole, ana mikono ya baridi. Yeye ndiye aliyebandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sinia, wa meza na wa gazeti. "Mzee, usianze mpaka umeuona wekundu," alimwambia. "Tafuta wekundu kwanza, ndipo urudi huku." Tulipokuwa tunaondoka nilikuta ule utepe wote uliobaki umetiwa ndani ya mkoba wangu. Mpaka leo simjui jina, lakini namwombea.

Mjukuu wetu naye alikuwepo siku ile, akatazama kila kitu. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa kwanza, ambaye alitutoka mtoto akiwa bado anatambaa. Tulimlea sisi. Alipokuwa mdogo babu yake alimpa kazi ya kuweka nukta juu ya kila herufi i kwenye mabango, na jina likamganda: Nukta. Sasa ni mtu mzima, fundi wa kompyuta kwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Alimuundia babu yake mashine kutoka kwenye vipande vilivyoachwa na wateja, akaitia mfumo unaoitwa Linux.

"Kwa nini huo?" nilimuuliza. "Mjomba wako anasema kazini kwao wana mwingine."

"Bibi, kwenye huu mwenye nyumba ndiye mwenye funguo. Ukitaka kuhamisha mlango, unahamisha. Hakuna wa kukuuliza."

Mwanzo alibandika utepe mwekundu pembeni mwa skrini. Haukusaidia. Kwenye kompyuta, kila kitu unachokifungua hukaa ndani ya kifremu kinachoitwa dirisha, na madirisha hayo huhama: moja linafunguka katikati, jingine kule mwisho, na utepe umebaki peke yake kama mlinzi aliyeachwa lango lisilo na nyumba. Nukta alikaa akitafuna kucha.

"Nimepata," akasema. "Bibi, leo dirisha nalipaka ukingo mwekundu, tena nalitetemesha."

Mimi nilikuwa nakunja nguo. Niliinuka moja kwa moja nikaenda dirishani, nikapanda kiti nikaanza kushusha pazia. "Ngoja nitoe hili kwanza. Limefuliwa juzi tu, usinichafulie kwa rangi. Na ulitetemeshe polepole, kioo kile kina ufa."

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Mama! Dirisha la humu, la kompyuta! Shuka, utaanguka!"

Basi, kazi ikaanza. Nukta alituonyesha madoido ya skrini ambayo watu huyaweka kwa starehe. Kulikuwa na madirisha yanayoyumba kama uji mzito bakuli likitikiswa, mengine yanaungua kama karatasi ukiyafunga, mengine yanajipanga kwenye mchemraba unaozunguka. Mengi aliyaondoa. Lile la kuungua alimwachia babu yake kwa sababu Babu mwenyewe alilipenda. Alisema mwanamume hawezi kuishi kwa dawa tupu. Mengine akayageuza yafanye kazi. Dirisha likifunguka, ukingo wake wa kushoto uliwaka wekundu na kupumua, ukififia na kuwaka, na mwili wa dirisha ukatetemeka kuanzia upande huo, mpaka jicho linavutwa huko lenyewe. Vingine vyote kwenye skrini vilififia. Mshale wa kipanya aliutia mkia mwekundu, ili ukipotelea kushoto Babu afuate mkia kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi.

Ukingo ule haukuwemo katika madoido ya kawaida. Aliuandikia programu ndogo yeye mwenyewe. Na kila Jumamosi alikuja kuurekebisha. Mtetemo ukizidi, Babu anashikwa na kichefuchefu, ukipungua, haoni. Nukta alikuwa akipunguza kidogo, halafu hatazami skrini, anamtazama babu yake machoni. Anaongeza, anamtazama. Sijawahi kuona mtu anasoma uso wa mtu kwa uvumilivu ule. Na siku zote alikaa kushoto kwake, upande anaousahau.

"Kwa nini usikae huku anakokuona?" nilimuuliza.

"Nataka anitafute, Bibi."

Naye Babu aligeuza shingo polepole, akapita meza, akapita ukuta, mpaka akamfikia. "Ahaa! Huyu hapa!"

"Umefika, Babu. Karibu."

Hivyo ndivyo alivyorudi kusoma. Si haraka, na si bila kuchoka. Lakini alisoma mwenyewe, alfajiri, tik, tik-tik, na nikiamka ananipa habari za dunia kabla sijanawa uso.

Sasa nije kwa mwanangu. Ni kitinda mimba wetu, na nyumba nzima tunamwita Mjomba, kwa sababu Nukta alipoanza kuongea alimwita hivyo na sisi tukamfuata. Anasimamia kompyuta za ofisi kubwa. Ni mtoto mwema. Nasema hivi na simung'unyi maneno. Mtungi wa gesi haujawahi kubebwa na mtu mwingine ila yeye. Balbu ikiungua, hata sijalalamika, ameshabadilisha. Shida yake ni kwamba akikuona umekaa vibaya, anakunyanyua kabla hajakuuliza kama unaumwa.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kliniki kuchukua dawa, na Babu amelala. Mjomba alikuja kututazama, akawasha mashine. Niliporudi nilimkuta anajipangusa jasho, anatabasamu.

"Mama, ile mashine ilikuwa na degedege! Madirisha yanatetemeka, yanaungua, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nimewasafishia. Nimeweka toleo jipya la mfumo, nimezima madoido yote. Sasa inakimbia kama swala."

"Umemwambia Nukta?"

"Nimwambie nini? Ni usafi tu."

Nilisikiliza. Feni ilikuwa kimya kabisa. Babu aliamka, akaketi, akabofya. Dirisha lilifunguka kavu, kijivu, limetulia kama maji ya ndoo. Aliangalia. Akasogeza kichwa. Akamwambia mwanawe, "Asante, baba. Mungu akuzidishie." Adabu yake haikuwahi kuugua.

Mjomba alipoondoka ndipo Babu aliponishika mkono.

"Mama, usimwambie mtu. Ugonjwa umerudi. Sioni tena."

Nilimweleza kwamba si ugonjwa, ni mashine imebadilishwa. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza anayempoza. Nikaenda nikautafuta ule utepe, nikabandika pembeni mwa skrini, na madirisha yakafunguka mbali nao kama yananicheka.

Jumamosi Nukta alikuja na mfuko wa machungwa. Alimwamkia babu yake, akaketi kushoto kama kawaida, akagusa kipanya.

"Nani kagusa hii?"

Mjomba alikuwa jikoni anaziba bomba lililokuwa linavuja. Alitoka akijifuta mikono. "Mimi. Si unaona inavyokimbia?"

"Inakimbilia wapi, Mjomba? Babu haoni."

"Haoni nini? Skrini ni ileile."

"Kulikuwa na ukingo mwekundu kushoto kwa kila dirisha. Nimeuandika mwenyewe. Uko wapi?"

"Sijui ukingo. Nilikuta disko, nikazima disko. Ungenishukuru."

"Umefuta folda yangu?"

"Nimefuta takataka. Kama ilikuwa na maana si ungekuwa na nakala?"

Nukta akaachia kipanya. "Nakala ilikuwa humohumo."

Mjomba akacheka, kicheko cha kweli. "Fundi mzima! Huo ndio ufunguo wa akiba unauficha ndani, halafu unajifungia nje!"

Siku nyingine tungecheka wote. Nukta alisema polepole, "Toleo hili jipya halikubali ile programu hata kama ningekuwa nayo. Na vile vipimo sikuvitoa kichwani, nilivitoa machoni mwa Babu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ungeuliza tu."

"Nimuulize nani? Nyumba ya baba yangu, mashine ya baba yangu, niombe ruhusa kwako? Wewe hapa umelelewa tu."

Nina umri huu na nimesikia matusi ya sokoni na ya misibani. Sijasikia neno lililokata kama lile "tu".

Babu alikuwa anageuza kichwa upande wa kulia, anatafuta. "Nukta yuko wapi? Namsikia, simwoni."

Alikuwa ameketi kushoto kwake, goti kwa goti. Siku hiyo hakungoja atafutwe. Aliinuka, akazunguka kiti, akasimama upande wa kulia, akamwinamia. "Niko hapa, Babu. Nakwenda." Akachukua mkoba wake. Mlangoni akamgeukia mwanangu. "Sawa, bwana."

Hakumwita Mjomba. Jina alilompa mwenyewe akawa amelichukua, akaondoka nalo.

"Mwanangu," nilisema, "ulimi hauna mfupa."

"Nimesema uongo, Mama? Si amelelewa hapa?"

Akarudi jikoni akamaliza kuziba. Bomba lile halijavuja tena mpaka leo. Nalitaja kwa sababu haki ni haki.

Ikapita wiki, bila habari. Halafu alfajiri moja, tik. Kimya. Tik-tik. Nilishtuka, maana siku zile Babu alikuwa amekwishaacha kuigusa mashine.

"Mama! Mama we! Njoo uone. Nukta anakuja!"

Nilikwenda pekupeku. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa mwanga wa skrini na kwa mwanga mwingine. "Ameniletea ujumbe. Nimesoma mwenyewe, bila wekundu wala nini! Sikiliza." Akaweka kidole kwenye kioo. Kidole kilianzia katikati ya neno. "Takuja tena. Nisubiri." Akanigeukia. "Vijana hawaandiki maneno mazima siku hizi, lakini nimeelewa. Umeona?"

Nilivaa miwani. Ujumbe ulikuwa mistari miwili:

Sitakuja tena.
Usinisubiri.

Nilisoma mara moja, nikasoma tena, nikitumaini kwamba mgonjwa ni mimi.

"Nimeona, Mzee," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeona.

Siku hiyo alinyoa shavu la kulia, mimi nikamaliza la kushoto. Akataka shati lenye kola. Akaweka kiti kikitazama mlango, akakaa. Mchana alikula haraka asije akakutwa mdomo umejaa. Kila aliyepita nje na viatu vya kugonga, alijiweka sawa. Kesho yake vivyo hivyo. Kila alfajiri alikuwa anaufungua ule ujumbe na kuusoma tena, na kila alfajiri ulikuwa unamwambia vilevile.

Mjomba alipokuja na dawa alimkuta baba yake kitini. "Kuna sherehe gani?"

"Nukta anakuja. Amesema nimsubiri. Kasome mwenyewe."

Mjomba akasoma. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikamtikisia kichwa, lakini yeye ni mtu wa kusahihisha.

"Baba, hapa ameandika hatakuja."

"Wapi?"

"Hapa. Sitakuja. Si-ta-ku-ja. Na chini, usinisubiri."

"Wewe ndiye huoni vizuri," Babu akasema, na sauti yake ikapanda. "Mimi nimeandika maneno ya mji huu kabla hujazaliwa! Takuja. Nisubiri. Mama, hebu soma wewe. Umalize ubishi."

Wote wawili walinitazama. Nilivaa miwani yangu taratibu kuliko inavyohitajika. Nikainama.

"Takuja tena," nikasoma. "Nisubiri."

"Umesikia?" Babu alimwambia mwanawe. "Mama yako hakusoma chuo, lakini macho anayo."

Mjomba aliniangalia mimi, kisha akaiangalia skrini, pale mwanzo wa mistari, pale si- na usi- zilipokuwa. Alitazama muda mrefu. Akanyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya herufi zile, akazifunika, akasoma kilichobaki. Kisha akaziweka dawa mezani, moja moja, akasema ana kazi.

Nilidhani amekwenda kwa Nukta. Hakwenda. Siku ya pili yake alituma mtu alete skrini mpya, kubwa kama mlango wa kabati. Ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, kubeba kitu kizito. Babu alishukuru. Mimi nilikaa nikiitazama nikawaza: imekuwa kubwa, basi na kushoto kwake kumekuwa kukubwa zaidi.

Ilibidi niende mwenyewe. Kibandani kwa Nukta, bosi wake aliniinukia, akapangusa kiti kwa shati lake, akatoka nje akajifanya anaongea na simu ili tuwe peke yetu. Mtu huyo simsahau.

"Shikamoo, Bibi." Nukta alikuwa amefungua mashine ya mtu, bisibisi mkononi. Alikuwa amekonda.

"Marahaba. Ule ujumbe uliomwandikia babu yako."

"Samahani, Bibi. Nilikuwa na uchungu. Lakini nilijua wewe ndiye utamsomea. Nilijua utalainisha."

"Sikumsomea. Aliamka kabla yangu. Alisoma mwenyewe."

Bisibisi ikatua mezani. "Alisoma mwenyewe? Alisomaje?"

"Amesoma anachokiona. Takuja. Nisubiri. Amevaa shati la kola, anakusubiri."

Alifunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. "Mimi ndiye ninayemjua macho yake," alisema. "Mimi, Bibi! Na nikasahau. Nimemwambia asinisubiri, nimemwambia kwa herufi asizoziona."

"Basi njoo."

"Pale? Nije kama nani? Mimi nimelelewa tu."

Nikamwambia ukweli mdogo niliokuwa nao. "Mimi nimekulea. Hiyo 'tu' sikuiweka mimi."

Aliichukua tena bisibisi. "Nitakuja siku ambayo yeye yuko kazini," akasema mwisho. "Nitamrudishia Babu upande wake. Hiyo ni haki ya Babu. Baada ya hapo, Bibi, usinidai kitu."

"Sikudai."

Alikuja asubuhi ya siku ya kazi, na mfuko wa machungwa. Babu alimsikia hatua kabla sijamsikia mimi. "Nilikwambia!" akanipigia kelele. "Nilikwambia anakuja!"

Nukta aliketi kushoto. Alikuwa ameandika programu yake upya, ili toleo jipya liikubali. "Si kama ule wa kwanza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukingo nimeupata. Mtetemo umekuwa wa kukwaruzakwaruza, sikuuweza. Na lile la kuungua halipo tena." Aliweka vitu vyake kwenye mashine, akafungua mipangilio, akaweka alama hapa, akatoa pale. Feni ikaanza kuhema chini ya meza. Niligundua nilikuwa nimeshika kifua.

"Haya, Babu. Tujaribu. Nikufungulie gazeti?"

"Gazeti la nini? Nifungulie ule ujumbe wako. Ule naujua kwa moyo. Nikiuona vizuri nitajua kazi yako imefaa."

Mkono wa Nukta ulisimama juu ya kipanya. "Tutumie kitu kingine, Babu. Kirefu zaidi."

"Mjukuu wangu, mwandishi wa bango hujaribu rangi kwenye neno analolijua. Fungua."

Nukta aligeuka akaniangalia. Kilichobaki kilikuwa kubofya kidude kimoja tu, cha kuwasha ukingo: akiacha, babu yake abaki na ujumbe wake, akibofya, abaki na macho yake. Ningeweza kusema chai imechemka. Ningeweza kumwaga kitu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Naye akamtazama babu yake usoni, vile alivyokuwa akimtazama zile Jumamosi, na akabofya.

Ukingo uliwaka wekundu. Dirisha likatetemeka kwa kukwaruza. Kila kitu kingine kikafifia.

Babu aligeuza kichwa, pole, pole, mpaka akaufikia wekundu. "Ahaa," akasema. "Umerudi." Akaweka kidole mwanzo kabisa, akaanza, kwa sauti ya mtu anayechora.

"Si," akasoma. Akatua. "Si-ta. Si-ta-ku-ja."

Kidole kikashuka mstari wa pili, kikatafuta wekundu, kikaupata.

"U-si-ni-su-bi-ri."

Kidole kilibaki pale. Feni ilihema. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Babu aliangalia yale maneno mafupi kwa namna aliyokuwa akiangalia bango lililokwisha kutundikwa, likakutwa na kosa, na ngazi imeshaondolewa.

"Kumbe nilikosa mlango," akasema.

"Babu, siku ile nilikuwa..."

"Usijitetee. Limeandikwa vizuri. Halina kosa hata moja." Akanigeukia mimi, kulia kwake, ambako ananiona bila shida. Aliniangalia tu, na mimi nikavua miwani nikaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

Nukta aliinuka. Alikusanya nyaya zake, akazikunja, akatia mkobani. Aliuacha mfuko wa machungwa mezani, kama siku ile. Kutoka alipokuwa amesimama hadi mlangoni, njia ni ya upande wa kushoto yote. Angeweza kuondoka na babu yake asimwone hata mara moja. Alisimama hapo, mkoba begani, hakuzunguka kiti kuja upande wa kulia, na hakutoka.

Babu aliacha skrini. Akaanza kugeuza shingo. Akapita ukingo mwekundu, akapita meza, akapita ukuta, akapita dirisha lenye ufa na pazia langu. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alikwenda mbali kuliko nilivyowahi kumwona akienda, mpaka macho yake yakamfikia pale alipo, na yakabaki hapo.

"Nukta," akasema. "Uje tena."